Vitunguu, parachichi, makumbi au chai: utie kitambaa rangi kwa taka gani ya jikoni?

Pilau ya harusi huanza kwa vitunguu, na vitunguu humenywa alfajiri. Siku moja, nikiwa ndiyo kwanza naanza kutia rangi vitambaa, nilipita uani kwa jirani huku Mji wa Kale, Mombasa, nikamkuta pishi amezungukwa na maganda mekundu, mepesi, upepo unayarusha hadi mlangoni. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Ami, haya mwayapeleka wapi?"

"Jaani, mwanangu. Chukua yote."

Niliondoka na gunia lenye ukubwa wa kutisha na uzito wa mtoto mchanga. Lilinitosha miezi.

Tangu hapo watu huniuliza waanze na taka gani, na wengi huuliza huku wakionyesha picha ya rangi waliyoipenda. Mimi huwajibu kwa swali: kitambaa hicho kitakwenda kuishi wapi? Dirishani, mezani, mwilini, au kabatini? Rangi nne zinaweza kupendeza sawasawa ndani ya sufuria, kisha mbili zikakutoka mkononi kabla ya mwezi kuandama.

Vigezo

Nimezilinganisha kwa mambo matano. Kwanza upatikanaji: je, utaipata taka hiyo Mombasa bila kununua, na itakaa bila kuoza katika joto letu? Pili maji na moto, kwa sababu anayenunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni hawezi kufuata maelekezo ya mtu ambaye bomba lake halikatiki. Tatu rangi yenyewe, na inavyogeuka ukitia magadi au chuma. Nne jua na sabuni. Tano, inamfaa nani.

La nne ndilo nalipa uzito mkubwa, na nina sababu. Pazia langu la kwanza nililitia manjano, yale ya unga yaliyobaki kwenye kopo. Lilitoka linang'aa kama kiini cha yai. Nikalitundika dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Haukwisha mwezi, upande wa mbele ulikuwa umepauka kabisa, ila ndani ya mikunjo, ambako jua halikufika, manjano yalikuwa yale yale. Nilipolitandaza kitandani lilikuwa na mistari kama kikoi. Kitambaa cha mkono nilichokitia rangi siku ile ile kilinionyesha jambo jingine: nilipokigusa kwa sabuni ya mche, papo hapo kikageuka chekundu cha kutu, na nilipokikamulia ndimu kikarudi manjano. Manjano ni kiungo kinachogeuka rangi kikikutana na magadi au sabuni kali, na jua hukila upesi. Kwa hiyo hakimo katika ulinganisho huu, ingawa ndicho kila mtu hukifikiria mwanzo.

Kazi iliyo sawa kwa zote

Kabla ya kuchagua ganda, tazama kitambaa. Dukani, hata Biashara Street kwenyewe, mtaa wa maduka ya vitambaa, utaambiwa hiki ni pamba tupu. Omba uzi mmoja, uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa kishanga kigumu cheusi, na rangi ya maganda haitaishika. Kumbuka pia kwamba uzi wa cherehani mara nyingi ni poliesta: ukitia rangi shati lililokwisha kushonwa, mishono itabaki myeupe. Wengine huipenda hiyo. Mimi hutia rangi kitambaa kwanza, ndipo nikampelekee fundi.

Kwa kuanzia, marekani ndiyo bora. Jina hilo lilibaki tangu karne ya 19, majora ya pamba isiyopaushwa yalipokuwa yakiletwa pwani yetu kutoka Marekani. Bafta pia ni nzuri. Ila vyote huja na dondo, ule wanga wa kiwandani, na rangi hukaa juu ya dondo badala ya kuingia ndani. Chemsha kitambaa saa nzima kwa sabuni kidogo na kijiko cha magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Maji yatatoka ya hudhurungi hata kama kitambaa kilionekana safi. Suuza.

Kisha kuna shabu. Hina tunaijua sote: hushika mkononi bila msaada, kwa sababu ngozi ni protini na rangi ya hina hujifunga kwenye protini. Hariri na sufu zina tabia hiyo ya ngozi, ndiyo maana hupokea rangi za mimea kwa urahisi. Pamba haina protini, na rangi nyingi huhitaji kitu cha kuzishikiza. Shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi na la kutakasia maji, ndilo kishikizo. Kwa gramu 200 za kitambaa kikavu, yeyusha gramu 20 hadi 30 katika maji ya moto, zamisha kitambaa, ukiache usiku kucha. Pamba huipokea shabu vizuri zaidi ikitangulizwa kwenye maji yenye tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa chai iliyokolea. Ganda la komamanga lina tanini nyingi sana. Mimi huyakausha kila niyapatayo na kuyatumia kwa kazi hii tu.

La mwisho ni maji ya kutu. Tia misumari michakavu kwenye chupa, mimina siki na maji nusu kwa nusu, uiache wiki mbili bila kuikaza kifuniko. Kijiko kimoja au viwili katika beseni la lita 5, na kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kikachovywa dakika 5, hubadilisha karibu kila rangi na kuipeleka kwenye kijivu au kijani cha magome. Usizidishe. Chuma kingi hudhoofisha nyuzi, na kitambaa huanza kuchanika mahali ambapo hakikuvutwa.

Sufuria ya rangi iwe ya rangi tu. Isirudi kupikiwa.

Maganda ya vitunguu maji

Upatikanaji: hakuna taka rahisi kuliko hii. Kwenye masoko ya Kongowea na Marikiti wachuuzi hupukuta maganda makavu chini ya meza zao siku nzima, na ukiomba kuokota hawakunyimi. Yakiwa makavu hayaozi. Yatie kwenye kikapu mahali penye hewa, yatakaa hata mwaka. Gramu 100 kwa gramu 200 za kitambaa hutoa dhahabu nyepesi. Ukitaka iliyoiva, uzito uwe sawa kwa sawa.

Maji na moto: moto wake ni mdogo. Nusu saa ya kutokota pole pole na rangi imekwisha toka. Maji ndiyo mengi, kwa sababu vitunguu vinahitaji safari nzima ya kutoa dondo, tanini, shabu, rangi na kusuuza mara mbili. Kwa gramu 200 za kitambaa mimi humaliza karibu madumu mawili ya lita 20.

Rangi: vitunguu vyetu vingi ni vyekundu, na mwanzo watu hudanganyika na maji yake mekundu kama divai wakadhani kitambaa kitakuwa hivyo. Hakiwi. Penye shabu hutoka dhahabu iliyokolea, pengine yenye ukijani kwa mbali. Ukichovya maji ya kutu hupata kijani cha zeituni au kahawia ya giza. Kinachotia ile dhahabu ni kwesetini, iliyojaa kwenye maganda makavu ya nje.

Jua na sabuni: hufulika vizuri kwa sabuni laini. Juani hupungua pole pole, dhahabu ikaelekea kahawia, lakini haikimbii kama manjano. Hufi moyo ukiitazama baada ya mwaka.

Inamfaa nani: anayeanza, mwenye watoto wanaotaka kuona matokeo leo, na mwenye kazi ya mavazi na mito ya ndani. Mwenye shida ya maji, hayamfai sana.

Kokwa na maganda ya parachichi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo rangi inayopendwa zaidi na inayoharibiwa zaidi.

Upatikanaji: msimu unapochanganya, parachichi za bara, za Murang'a na kwingineko, hujaa mikokoteni. Wauza sharubati hutupa kokwa kwa ndoo. Shida ni joto letu. Kokwa yenye nyama iliyobaki huota ukungu siku ya pili. Isugue kwa maji hadi iwe safi, kisha uianike au uiweke kwenye friza. Maganda nayo ukwangue ute wote wa kijani, la sivyo mafuta yake huacha madoa kwenye kitambaa. Kwa gramu 200 mimi hutumia kokwa 10 hadi 12.

Maji na moto: maji ni machache kuliko ya vitunguu, kwa kuwa kokwa imejaa tanini na hushika pamba hata bila shabu. Moto ndio mtihani. Usiiache ikachemka kwa fujo, kwani rangi itakwenda kahawia na hairudi. Mimi hutumia seredani yenye makaa yaliyokwisha pungua: mvuke unatoka, mapovu madogo yanapanda pembeni mwa sufuria, basi. Saa moja hivyo, kisha niache hadi kesho. Kesho yake nipashe tena. Ni rangi ya mtu mwenye subira na nafasi jikoni.

Rangi: maji huanza kama chai nyepesi ya kusikitisha, na hapo ndipo wengi humwaga. Ngoja. Tia magadi, nusu kijiko cha chai, ukoroge kwa mwiko. Utaona wekundu ukianzia pale punje zilipotua, ukizunguka na mwiko, mpaka sufuria yote iwe kama choya. Kitambaa hutoka waridi, kuanzia waridi hafifu la ndani ya kome hadi wekundu wa tofali. Maji ya kutu huligeuza kijivu chenye zambarau, na kwa macho yangu hicho ndicho kizuri kuliko vyote.

Maji ya kisima pia yana neno lake hapa. Visima vingi vya kisiwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu na ya chumvi. Aliyepikia chai ameona utando juu ya kikombe. Maji hayo yanaweza kuisogeza parachichi kwenye wekundu na kuzifubaza rangi za shabu. Sisemi usiyatumie. Nasema ukianza kazi kwa maji ya kisima imalize kwa maji ya kisima, na ukiweza, rangi yenyewe ipikie maji ya mvua uliyokinga wakati wa masika.

Jua na sabuni: waridi la parachichi ni jororo. Hufulika, lakini ndimu, siki na jasho hulisogeza, na jua likilipata kila siku huelekea ukahawia. Kilichopitishwa kwenye chuma huvumilia zaidi.

Inamfaa nani: mwenye kushona mtandio, nguo ya mtoto mchanga, kitambaa cha zawadi, chochote kitakachovaliwa kivulini na kufuliwa kwa mkono. Asiyeweza kusimamia moto mdogo achague nyingine.

Makumbi ya nazi na madafu

Upatikanaji: kwa mji wenye wauza madafu kila kona, hili halina maelezo. Nazi kavu au dafu, yote hutoa rangi. La dafu bichi hutoa zaidi.

Maji na moto: makumbi yanataka moto mrefu. Yakatekate, uyaloweke siku mbili, uyatokose saa mbili au zaidi, kisha uchuje kwa kitambaa maana nyuzi zake huganda kwenye kazi. Kama unapikia gesi, gharama itakuuma. Kwa mwenye kuni au makumbi mengine makavu ya kuchochea, si neno. Shabu si lazima, hivyo maji yanapungua.

Rangi: kahawia yenye wekundu, kama ya mkeka uliokaa. Kwa chuma, kijivu cha mawe. Haina uzuri wa kukusimamisha njiani, lakini iweke karibu na mbao na ukuta mweupe wa chokaa uone inavyotulia.

Jua na sabuni: nani Mombasa hajawahi kuharibu shati jeupe kwa maji ya kumbi la dafu? Mama hulisugua doa, hulianika, hulisugua tena, nalo lipo. Ushahidi huo unanitosha. Kati ya rangi hizi nne, kwangu hii ndiyo imekaa vizuri zaidi juani.

Inamfaa nani: mapazia, mikoba, vitambaa vya kufunikia viti, na anayetaka kutia rangi kitambaa kingi kwa pamoja, maana makumbi hayaishi.

Majani ya chai na mashapo ya kahawa

Upatikanaji: kila nyumba, kila siku. Ila tahadhari moja inayotuhusu sisi hasa: chai yetu hupikwa na maziwa na sukari ndani ya birika moja. Majani yaliyochujwa humo yana mafuta ya maziwa, hunuka baada ya siku moja na kuacha mabaka. Yanayofaa ni ya chai ya rangi pekee. Mashapo ya kahawa chungu kutoka dele la muuza kahawa ni mazuri pia, na tangawizi iliyomo haidhuru.

Maji na moto: ndiyo nafuu kuliko zote. Sufuria moja, robo saa ya kutokota, kitambaa kiloweke usiku. Baada ya kutoa dondo, umebakiwa na maji ya rangi na ya kusuuza tu.

Rangi: chai hutoa hudhurungi ya asali, kahawa hutoa iliyopoa zaidi, karibu na ya mchanga uliolowa. Utamu wa chai ni chuma: chovya kitambaa cha chai kwenye maji ya kutu na kitageuka kijivu kilichokolea mbele ya macho yako, tanini na chuma vikikutana. Ukihitaji karibu na kaniki bila nili, hii ndiyo njia fupi, ijapokuwa weusi kamili haufiki.

Jua na sabuni: wastani. Hudhurungi hupungua kidogo kidogo lakini hupungua kwa usawa, bila mabaka, na kurudisha rangi ni kazi ya jioni moja.

Inamfaa nani: mpangaji wa chumba kimoja, mwanafunzi, na mwenye nguo nyeupe iliyochakaa au yenye madoa anayotaka kuyaficha.

Yale ninayowashauri wayaache

Bitiruti na kabichi ya zambarau hutoa maji mazuri mno, na watu hunitumia picha za mabeseni yao kwa furaha. Najua furaha hiyo. Lakini rangi ya bitiruti huondoka kwenye pamba kwa maji ya kwanza au ya pili, na ya kabichi hugeuka kila ikigusa sabuni au ndimu. Mpe mtoto acheze nazo, ajifunze. Kitambaa ulichokinunua kwa pesa yako usikipeleke huko.

Uchague kwa hali yako

Kama maji ni ya kununua wiki hii, anza na chai, au parachichi bila shabu. Vitunguu vingoje siku bomba litakapotoka, kwa kuwa maganda yake hayana haraka, endelea kuyakusanya.

Kama kitambaa kitatundikwa mbele ya dirisha au barazani, nenda kwenye makumbi, na uchovye chuma kidogo. Ukitaka kabisa pazia la dhahabu, tumia vitunguu kwa uzito sawa na kitambaa, tanini ya komamanga ikitangulia, na upige bitana upande wa jua.

Kama ni nguo ya kuvaliwa kila siku na kufuliwa kila juma, vitunguu na makumbi ndivyo vitakavyovumilia. Parachichi iwe ya nguo ya kutokea. Vyote vifuliwe kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini.

Kama unashona kwa kuuza, mweleze mnunuzi ukweli kuhusu jua na sabuni kabla hajalipa, hata kama ataondoka. Na usiuze rangi ambayo hujaiona ikipita masika na kaskazi nyumbani kwako.

Na kama umesita kati ya mbili, kata vipande vya kitambaa kile kile, upana wa vidole vinne. Vitie rangi zote mbili, uandike jina la taka na tarehe pembeni kwa penseli. Nusu ya kila kipande ifunike kwa kadibodi, uvitundike juu ya paa wiki mbili. Vipande vingine vifue mara tano kwa sabuni ile ile unayotumia nyumbani, na kimoja cha kila rangi kiache kabatini. Kisha viweke vyote kando ya kile ambacho hakikutoka kabatini, mchana, karibu na mlango, uvitazame.